UKURASA WA FUNDI: Tutoe Upepo Kwenye Breki

Katika toleo lililopita tulijifunza namna ya kubadili tairi. Mwezi huu tuzungumze juu ya breki. Gari lisilowaka hukuchelewesha tu. Gari lisilosimama huua. Kwa hiyo soma ukurasa huu polepole. Kama una jirani mwenye gari ambaye hajui kusoma, msomee.

Jumamosi moja niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja hapa Bagara, mjini Babati. Mzee huyo ana pikapu. Ni ya zamani, lakini ndiyo inayoilisha nyumba yake. Huenda nayo mpaka Dareda, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Dongobesh, hununua vitunguu saumu, kisha huteremka navyo mpaka sokoni Babati.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba fundi. Karibu. Nimekuita kwa ajili ya taa tu. Moja haiwaki. Kesho alfajiri napanda Dongobesh."

Niliingia kwenye kiti cha dereva. Kabla ya kuwasha taa nilikanyaga pedeli ya breki, kama ilivyo desturi yangu. Pedeli ilizama karibu ifike chini. Nikakanyaga tena, ikapanda kidogo. Mara ya tatu ikashika.

"Mzee, breki hizi zina nini?"

"Hazina neno. Ukikanyaga mara tatu zinashika. Nimeshazizoea."

"Na kesho utafuatana na nani?"

"Na kijana wangu na mke wake. Wanakwenda kuwasalimu wakwe Dongobesh. Na mjukuu wangu yumo."

Nikamwambia, "Mzee, mbuzi akikatiza barabara hatakungojea ukanyage mara tatu."

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Basi fundi, eleza."

PEDELI HUZAMA KWA NINI?

Mzee anafuga ng'ombe. Nikamwomba kijana wake alete bomba la sindano la kuchanjia mifugo, likiwa safi na bila sindano. Jaribio hili hata wewe unaweza kulifanya nyumbani.

Kwanza kijana alivuta hewa tupu ndani ya bomba. Akaziba tundu kwa kidole gumba, akasukuma. Kishikio kikaingia ndani. Hewa ilikuwa inabanwa.

Pili alivuta maji mpaka bomba likajaa bila povu. Akaziba tundu, akasukuma. Kishikio hakikusogea.

"Kumbe maji hayabanwi!" akasema.

Ndivyo breki za gari dogo zinavyofanya kazi. Ukikanyaga pedeli unasukuma mafuta yaliyo ndani ya masta silinda. Mafuta hayo hupita katika vibomba vyembamba mpaka kwenye magurudumu yote manne. Huko husukuma viatu vya breki, navyo hubana dramu. Katika magurudumu yenye sahani badala ya dramu, mafuta husukuma pedi, nazo hubana sahani. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu wako hufika kwenye gurudumu.

Upepo ukiingia ndani ya vibomba, mguu wako huubana upepo kwanza. Pedeli huzama, lakini gurudumu halishikwi. Ukikanyaga unahisi kama unakanyaga godoro. Hiyo ndiyo dalili ya upepo kwenye breki.

"Lakini fundi," kijana akauliza, "mbona malori na mabasi makubwa yana breki za upepo? Yakisimama tunasikia 'pshii'."

Ni swali zuri. Katika lori, upepo umetengenezewa mahali pake. Injini huendesha pampu, pampu huujaza upepo mwingi katika matangi kwa nguvu kubwa. Upepo huo ndio unaofanya kazi. Katika pikapu hakuna pampu hiyo wala matangi hayo. Kazi yote hufanywa na mafuta. Kwa hiyo upepo katika lori ni mfanyakazi, na katika pikapu ni mwizi. Hukuibia nguvu ya mguu.

MAFUTA YA BREKI HUNYWA MAJI

Mafuta ya breki, ambayo wengi huyaita breki oili, si sawa na oili ya injini. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Hata kikopo chake kikiwa kimefungwa, unyevu huingia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Ubaya wake huonekana mlimani. Ukiteremka huku umekanyaga breki muda mrefu, breki hupata moto sana. Moto huo huyafikia mafuta. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yakishanyonya maji, hata chini ya sehemu 4 katika 100, yanaweza kuchemka yakifika nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke. Mvuke nao hubanwa kama upepo. Hapo pedeli huzama mpaka chini, tena katikati ya mteremko.

Ndiyo sababu mtu huapa kwamba breki zilikuwa nzima alipokuwa juu, na chini hazikuwapo. Alisema kweli. Zilimwacha njiani.

Kwa hiyo badili mafuta ya breki yote kila baada ya miaka 2, hata kama gari halijasumbua.

TAFUTA KWANZA PANAPOVUJA

Upepo hauingii bila sababu. Huenda mafuta yalipungua kwenye kikopo mpaka upepo ukavutwa ndani. Huenda breki zilifunguliwa kutengenezwa. Au pana mahali panapovuja. Ukitoa upepo bila kuziba panapovuja, utakuwa unateka maji kwa pakacha.

Tulitazama kila gurudumu kwa upande wa ndani. Tulitazama pia vibomba, mipira ya breki, na chini ya masta silinda. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelowa. Tulipofungua dramu tulikuta mipira ya silinda ya gurudumu imechakaa, na viatu vya breki vimeloa mafuta. Viatu vilivyoloa mafuta havishiki tena.

"Mzee," nikasema, "hapa si upepo tu. Tubadili mipira na viatu vya magurudumu yote mawili ya nyuma, ili yashike sawasawa."

Maduka ya spea yalikuwa yanafungwa. Mipira ya kipimo chake haikupatikana siku ile. Ilipatikana Jumatatu. Mzee aliikosa safari ya Jumapili, na fedha za spea zilimuuma. Hakunificha. Alisema, "Fundi, umenitia hasara." Nami nilimjibu, "Ndiyo mzee. Lakini hasara hii ina risiti." Akacheka kidogo.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Jumatatu jioni, baada ya kufunga mipira na viatu vipya, tuliandaa vitu hivi:

1. Mafuta mapya ya breki, katika chupa ambayo haijafunguliwa. Tumia aina iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo cha gari lako au katika kitabu chake.
2. Spana ya ringi inayoenea vizuri kwenye skrubu ya kutolea upepo. Spana iliyolegea itaharibu skrubu.
3. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani.
4. Chupa safi ya kioo.
5. Jeki, na stendi imara za kuegemeza gari.
6. Mawe makubwa au vigingi vya kuzuia magurudumu.
7. Maji na vitambaa safi.
8. Watu wawili wanaosikilizana.

Usilisahau hilo la nane. Kazi hii huharibika mara nyingi kwa sababu ya kutosikilizana kuliko kwa sababu ya vifaa.

"Nani atakanyaga pedeli?" nikauliza.

Mke wa kijana alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akasema, "Mimi. Mimi ndiye nitakayepanda gari hili na mtoto." Akamkabidhi bibi mtoto, akaingia kwenye gari.

NAMNA YA KUTOA UPEPO

Hatua ya 1. Weka gari mahali pa tambarare. Zima injini. Zuia magurudumu kwa mawe. Ukiinua gari kwa jeki, weka stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2. Futa vumbi juu ya kikopo cha mafuta ya breki kabla ya kukifungua. Jaza mpaka kwenye alama ya juu. Mchanga ukiingia humo utakata mipira.

Hatua ya 3. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Katika magari yetu yenye usukani kulia, masta silinda huwa mbele ya dereva. Basi anza nyuma kushoto. Fuata nyuma kulia. Halafu mbele kushoto. Maliza mbele kulia. Magari mengine yana utaratibu wake. Kama una kitabu cha gari, fuata kitabu.

Hatua ya 4. Safisha skrubu ya kutolea upepo. Iko upande wa ndani wa gurudumu. Vika spana kwanza, kisha vika mpira. Ncha ya pili ya mpira itie ndani ya chupa yenye mafuta mapya kidogo. Ncha hiyo izame ndani ya mafuta, ili isivute upepo.

Hatua ya 5. Aliye chini aseme, "Kanyaga!" Aliye juu akanyage polepole mara 3 au 4, kisha abaki amekanyaga na ajibu, "Nimeshika!"

Hatua ya 6. Aliye chini afungue skrubu kidogo, kiasi cha nusu mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka. Pedeli itazama. Aliye juu asishtuke wala asiondoe mguu. Aseme, "Imezama!"

Hatua ya 7. Aliye chini afunge skrubu. Akishafunga ndipo aseme, "Achia!" Aliye juu aachie polepole.

Hatua ya 8. Rudieni mpaka mafuta yatoke masafi bila povu hata moja. Kisha funga skrubu vizuri, lakini usitumie nguvu nyingi. Skrubu hiyo ni ndogo, na hukatika.

Hatua ya 9. Kila baada ya kukanyaga mara 4 au 5, tazama kikopo. Ongeza mafuta. Kikopo kikikauka, upepo utaingia tena na mtaanza upya.

Ndugu msomaji, siri ya kazi yote iko katika Hatua ya 7. Skrubu ifungwe kwanza, mguu uinuke baadaye. Mguu ukiinuka mapema, pedeli itavuta upepo kupitia kwenye skrubu.

Hata sisi tulikosea mara moja. Kijana alisema, "Bado..." kwa sauti ndogo, naye mke wake akasikia, "Basi." Akainua mguu. Tukaona mapovu yanarudi ndani ya mpira. Hatukugombana. Tulikubaliana kwamba maneno yatakuwa manne tu: Kanyaga, Nimeshika, Imezama, Achia. Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri.

Mafuta ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Mzee alikuja akachungulia chupa. Akauliza, "Hayo ndiyo yaliyokuwa yananishusha Dareda?" Nikamwambia, "Ndiyo hayo, mzee."

Jambo jingine. Katika gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isizame mpaka mwisho. Mipira ya masta silinda ikipita mahali ambapo haijazoea kupita, huweza kuchanika. Tena pikapu nyingine zina vali ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, nayo ina skrubu yake ya upepo. Usiisahau. Na magari mengi ya siku hizi yana breki zinazoongozwa na kompyuta. Upepo ukiingia ndani ya mtambo huo huenda usitoke bila chombo maalumu. Gari la namna hiyo lipeleke kwa fundi mwenye chombo.

USIONDOKE KABLA YA KUJARIBU

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa. Iwe ngumu, tena ishike juu. Endelea kukanyaga kwa nguvu kwa dakika moja. Isizame.

Sasa washa injini huku umekanyaga. Pedeli itashuka kidogo, kisha itasimama. Hiyo ni kawaida kwa gari lenye kisaidizi cha breki. Ikiendelea kushuka polepole, bado pana ubovu. Huenda panavuja, au masta silinda imechakaa.

Tazama tena skrubu zote nne. Ziwe kavu. Kisha endesha polepole kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali pa tambarare pasipo na watu, ukanyage. Jaribu mara nyingi. Usifanye jaribio la kwanza mlimani.

Kama pedeli bado ni laini, gari libaki nyumbani. Mwite fundi mwenye ujuzi zaidi. Kukubali kwamba umeshindwa si aibu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo hairuhusu gari bovu litembee barabarani.

MAMBO YA KUKATAZA

Usitie oili ya injini, mafuta ya taa wala dizeli kwenye breki. Mipira itavimba, na breki zitaharibika zote.

Usitie maji wala maji ya sabuni. Maji huchemka upesi, tena huleta kutu.

Usirudishe mafuta yaliyotoka ndani ya chupa. Yana uchafu, upepo na unyevu.

Usiweke mafuta ya breki katika chupa ya soda. Mafuta haya ni sumu, na mtoto anaweza kuyanywa. Yakimwagika juu ya rangi ya gari huibabua, basi mwagia maji upesi. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi na uende zahanati.

Usimwage mafuta machafu karibu na kisima wala pembeni mwa Ziwa Babati. Watu huvua samaki humo. Yatie katika chombo kinachofungwa, uyapeleke gereji wanakokusanya mafuta machafu.

UKIWA MLIMANI

Breki nzima nazo zinataka dereva mwenye akili. Kabla ya kuanza kuteremka, tia gia ndogo. Wazee wa barabarani husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Injini itashika gari, na breki hazitapata moto. Usiteremke bila gia ili kuokoa mafuta. Utaokoa mafuta, upoteze watu.

Pedeli ikizama ghafla, usizime injini. Kanyaga na kuachia upesi upesi mara nyingi. Punguza gia moja moja. Vuta hendibreki kidogo kidogo, si kwa mara moja. Piga honi na kuwasha taa. Tafuta mahali penye mwinuko au udongo laini.

MZEE ALISAFIRI

Jumanne alfajiri nilipita nyumbani kwa mzee. Nilimkuta kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, anakanyaga pedeli. Alikanyaga mara moja tu. Ikashika.

"Sasa nimeingia shule," akasema.

Walipanda Dongobesh. Wakawasalimu wakwe. Wakateremka Dareda wakiwa na mzigo wa vitunguu saumu na mtoto amelala mapajani mwa mama yake. Walifika Babati kabla ya jua kuzama.

Nilimuuliza mzee, "Habari za mlimani?"

Akajibu, "Hakuna habari."

Ndugu msomaji, dereva akirudi kutoka mlimani bila habari, hiyo ndiyo kazi nzuri ya breki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedeli mara moja. Yenyewe itakuambia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bomba la sindano lenye hewa lilisukumika, na lenye maji halikusukumika?
2. Kwa nini skrubu hufungwa kabla ya mguu kuinuka?
3. Gurudumu lipi huanza katika gari lenye usukani kulia? Kwa nini?
4. Dereva wa gari mnalosafiria anasema, "Ukikanyaga mara tatu zinashika." Abiria mtafanya nini?